Gesi iliyo juu ya galaksi: imerushwa kutoka ndani au imeingia kutoka nje?

Mleta mada: Wakuu, nazungumzia galaksi za msokoto tunazoziona kwa ubavu, mfano NGC 891, umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 30. Juu na chini ya sahani yake (bapa lenye nyota na gesi nyingi) kuna gesi nyembamba, tena si haba: vipimo vya redio vya Westerbork, Uholanzi, vilivyochapishwa 2007, viliona karibu asilimia 30 ya hidrojeni yake isiyo ya ioni (yaani atomi zake hazijapoteza elektroni) iko nje ya sahani. Mimi nashika nadharia ya chemchemi, ya Shapiro na Field (1976): nyota kubwa hulipuka, gesi moto hupanda, hupoa, hurudi. Anayepinga aje.

Mchangiaji wa 1: Napinga nusu. Kila ukipanda kilopaseki moja (miaka ya nuru kama 3,260), gesi ya NGC 891 inazunguka polepole zaidi kwa kilomita 15 hivi kwa sekunde. Chemchemi nayo huleta upungufu wa mwendo: gesi ikipanda, mvuto wa kuelekea kitovu hulegea, gesi husogea nje na kuzunguka taratibu. Ila ukipiga hesabu unapata upungufu mdogo kuliko uliopimwa. Kuna kinachoishika breki. Fraternali na Binney (2008) walisema ni gesi ngeni yenye mzunguko hafifu, inayochanganyika na iliyorushwa.

Mleta mada: Breki inaweza kuwa gesi moto inayoizingira galaksi, haihitaji mgeni. Halafu nijibu hili: NGC 4565, galaksi nyingine tunayoiona kwa ubavu, huzaa nyota kwa uvivu, na tabaka lake la gesi ya ioni ni hafifu mno ukilinganisha na NGC 891. Gesi ya nje ingejuaje nyota zinazaliwa wapi?

Mchangiaji wa 2: Mnachanganya gesi mbili. Ya ioni, kweli, inafuata nyota. Mwanga wa nyota ndio unaoifanya ing'ae. Isiyo ya ioni ni kesi nyingine. Tazameni galaksi yetu: Complex C, wingu la gesi lililo nje ya sahani yetu, lina elementi nzito chache mno kuliko Jua. Sahani yetu haiwezi kurusha gesi maskini namna hiyo.

Mleta mada: Complex C ni mgeni, sina ubishi. Lakini mawingu mengine yaendayo kwa kasi ya wastani yana utajiri wa elementi nzito unaokaribia wa Jua, na hayo ni ya kwetu.

Mchangiaji wa 1: Basi tubishanie kiasi, mkuu. Na gesi ngeni ikishachanganyika na ya ndani, utajiri huo hautakuonyesha tena ipi ni ipi. Kitakachobaki kukusaidia ni mwendo wake.