.243 inafungiwa mtutu mpya: msokoto wa 1:10, 1:9 au 1:8?

Kulungu_Manitoba (mwanzisha mada)

Wakuu salaam. Nina bunduki ya Remington 700 ya mwili mfupi, inayopiga .243 Winchester (risasi ya kipenyo cha inchi .243). Mtutu umechoka, koo (pale mifuo inapoanzia, mbele ya chemba inayokaa risasi) limeliwa na moto na shabaha imeanza kutawanyika. Fundi bunduki wa hapa Winnipeg atanifungia mtutu mpya, ila kabla hajaagiza anataka nimwambie msokoto: mifuo ya ndani izunguke duru moja kwa kila inchi 10, au 9, au 8. Bei ni ile ile. Nikishachagua ndiyo basi, mifuo haibadilishwi.

Kazi yake ni kulungu wa mkia mweupe mwezi Novemba. Mara nyingi ni msituni chini ya mita 150, lakini kuna upande wa mashamba ya kanola yaliyokwisha kuvunwa ambako unaweza kumwona mnyama mita 300 na ukapata muda wa kulala chini ulenge. Baridi ni ya -20, kuna asubuhi zinafika -25.

Mpaka sasa nilikuwa napiga greni 100 za dukani (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi). Siku hizi najaza maganda mwenyewe, na macho yangu yako kwenye vichwa vyembamba virefu vya greni 105, pamoja na vile vya shaba tupu. Jirani yangu hapa ananiambia .243 ilizaliwa na 1:10, nisijitie ujuaji. Mnasemaje?

Mzee_wa_Simanjiro

Kijana, jirani yako hajakosea. Huku kwetu .243 ni bunduki ya swala pala na swala granti. Unanunua greni 100 zilizopo dukani, unapiga, mnyama analala. Sijawahi kumsikia mwindaji yeyote kambini akiulizia msokoto. Hata .375 H&H zetu za nyati zina 1:12 tangu enzi na enzi na hakuna anayelalamika.

Mita 150 msituni, kichwa cha kawaida, mkono uliotulia. Hayo mengine ni ya wapiga shabaha za karatasi.

Fundi_SanAntonio

Shikamoo mzee. Kwa greni 100 za kawaida uko sahihi kabisa. Lakini mwenye mada ameuliza kuhusu vichwa virefu, na hapo ndipo .243 ina kisa chake.

Mwaka 1955 Winchester walitoa .243 yenye 1:10. Mwaka huo huo Remington wakatoa .244, kipenyo kile kile, ila wakaipa 1:12. Wao waliiona kama bunduki ya wanyama wadogo waharibifu, vichwa vya greni 75 na 90 basi. Wateja walitaka bunduki moja ya kazi zote, pamoja na kulungu kwa greni 100. .244 ikadorora sokoni. Mwaka 1963 Remington wakairudisha kwa jina la 6mm Remington na msokoto wa 1:9, lakini .243 ilikwisha kushika soko. Risasi haikuwa mbaya. Namba ndogo ndani ya mtutu ndiyo iliyoiponza.

Watu husema "greni nyingi zinataka msokoto mkali". Uzito peke yake si hoja, hoja kubwa ni urefu wa kichwa ukilinganishwa na kipenyo chake. Mwanahisabati Mwingereza Greenhill alishaliona hilo mwaka 1879 kwa makombora ya mizinga. Siku hizi tunatumia kanuni ya Miller, inatoa kipimo cha utulivu. Chini ya 1 kichwa kinapinduka angani na kuingia kwenye karatasi kwa ubavu. Kuanzia 1.5 uko salama. Katikati hapo kinaruka, lakini kinayumba kidogo na kupoteza kasi mapema.

Nimepiga hesabu kwa usawa wa bahari, nyuzi 15, kasi ya futi 2,800 kwa sekunde.

Greni 100 ya kawaida, urefu inchi 1.00:
1:12 inatoa 1.16
1:10 inatoa 1.67
1:8 inatoa 2.61

Greni 105 nyembamba, urefu inchi 1.22:
1:10 inatoa 0.99
1:9 inatoa 1.22
1:8 inatoa 1.54

Uzito umeongezeka greni 5 tu, lakini 1:10 imetoka kwenye usalama mpaka kwenye kupinduka. Ndiyo maana risasi nyingi za .243 za kiwandani hazitumii vichwa hivyo: kiwanda kinajua bunduki nyingi mitaani ni 1:10.

Kulungu_Manitoba

Asante fundi. Hesabu hizo ni za nyuzi 15. Huku kwetu nyuzi 15 ni kiangazi.

Fundi_SanAntonio

Hapo umenena. Hewa ya baridi ni nzito, na hewa nzito ndiyo inayojaribu kukipindua kichwa. Kwa -25 punguza kama asilimia 14 kwenye kila namba. Greni 105 kwa 1:9 inashuka mpaka 1.05, yaani ukingoni kabisa. Kwa 1:8 inashuka mpaka 1.33. Kasi halisi ya .243 na mwinuko mdogo wa Winnipeg vitakurudishia kidogo, sema karibu 1.4.

Sasa chukua mtutu huo huo wa 1:9 umpelekee mzee wetu. Arusha iko mita kama 1,400 juu ya bahari, hewa nyepesi, mchana nyuzi 28. Kipimo kinapanda mpaka karibu 1.5. Bunduki ile ile, kichwa kile kile. Kwake kinatoboa tundu la duara, kwako asubuhi ya Novemba huna uhakika.

Jambo hili si jipya. M16 za mwanzo zilikuwa na 1:14, na jeshi la Marekani likahamia 1:12 baada ya majaribio ya baridi kali kuonyesha shabaha inaharibika.

Mzee_wa_Simanjiro

Marahaba. Basi nimeelewa kwa nini huku hatuulizani. Hewa yenyewe inatubeba.

Paa_wa_Jutland

Niongeze la kwangu kutoka Denmark. Wakuu mnabishania greni 105 kana kwamba ndiyo sababu pekee. Kwangu sababu kubwa ni shaba. Huku tangu Aprili 2024 vichwa vya bunduki vyenye madini ya risasi vimepigwa marufuku kwenye uwindaji. California nao walifunga mlango Julai 2019. Manitoba haijafika huko, lakini mtutu wa kulungu unaotumika msimu mmoja tu kwa mwaka utadumu miaka na miaka, na sheria hutembea.

Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, kwa hiyo kichwa cha shaba tupu cha greni 80 kinaweza kuwa na urefu ule ule wa greni 100 ya kawaida. Urefu sawa, uzito pungufu, na utulivu unashuka kwa kiasi hicho hicho. Fundi atanisahihisha nikikosea.

Fundi_SanAntonio

Hujakosea dada. Tukichukua urefu ule ule wa inchi 1.00, greni 80 ya shaba kwa 1:10 inakupa 1.34. Kwenye -25 ni 1.15. Kwa 1:8 baridi hiyo hiyo, 1.80. Kasi kubwa ya kichwa chepesi inaongeza kidogo, lakini picha haibadiliki.

Kwa kweli hoja ya shaba inanishawishi kuliko ya greni 105. Mita 150 msituni ule wembamba wa greni 105 haukusaidii lolote. Faida yake inaanza kuonekana mbali. Shaba inakusaidia popote: haivunjikivunjiki ndani ya nyama, inapenya mpaka upande wa pili, na .243 ni kipenyo kidogo kinachohitaji msaada huo. Tena kichwa kinachozunguka kwa utulivu kinaingia kikiwa kimenyooka, na shaba inataka kuingia imenyooka ndipo ifunguke vizuri.

Kasiba_Refu

Kama ni hivyo kwa nini asiende 1:7.5 au hata 1:7 kabisa? Ukipiga hesabu, 1:7.5 kwa greni 105 kwenye -25 inatoa 1.51. Iko salama. Hiyo 1:8 yenu inabaki 1.33. Mnamwambia achague kwa ajili ya baridi halafu mnamwachia pungufu.

Fundi_SanAntonio

Hoja nzuri, na kama angekuwa mpiga shabaha wa mita 1,000 ningekuunga mkono. Kati ya 1.3 na 1.5 unachopoteza ni asilimia chache za uwezo wa kichwa kukata hewa. Kwa mita 300 hutaona tofauti hiyo kwenye mnyama, mkono wako na upepo vitaimeza.

Upande wa pili kuna gharama, ingawa ni ndogo. Kwa futi 2,900 kwa sekunde, 1:8 inazungusha kichwa mara 261,000 kwa dakika. 1:7 inakaribia 300,000. Kichwa ambacho uzito wake hauko katikati sawasawa kitatawanyika zaidi kadiri unavyokizungusha kwa nguvu. Na vile vyepesi vya ganda jembamba, vya kupigia wanyama waharibifu, vinaweza kupasuka kabla ya kufika. Sisemi 1:7.5 ni kosa. Nasema mtu anayetaka kupiga greni 80 za shaba, greni 100 za dukani na 105 mara moja moja, 1:8 inamkalia vizuri zaidi.

Kasiba_Refu

Sawa, lakini ile hadithi kwamba msokoto mkali unapandisha shinikizo na kula mtutu haraka mnaiacha?

Fundi_SanAntonio

Naiacha, kwa sababu ni ndogo mno kuiweka mezani. Kinachokula koo la .243 ni baruti nyingi inayopita kwenye tundu dogo, pamoja na kupiga mfululizo mtutu ukiwa wa moto. Na kabla hujauliza: kule kuhama pembeni kwa sababu ya mzunguko, mita 300 ni kama sentimita moja na nusu.

Kuna kitu kikubwa kuliko vyote hivyo na hakuna aliyekigusa. Msokoto peke yake hautoshi. Ganda la .243 lina urefu wa inchi 2.045, na risasi nzima kwa kipimo cha kawaida ni 2.710. Kichwa kirefu kikiwekwa kwa kipimo hicho kinazama ndani ya ganda na kula nafasi ya baruti. Ukikivuta nje, kinagonga mifuo kwa sababu koo la kawaida ni fupi, au risasi inagoma kuingia kwenye magazini. Waliobuni 6mm Creedmoor, risasi nyingine ya kipenyo hicho hicho, walilikwepa hilo kwa ganda fupi la 1.920 na risasi nzima ya 2.800, nafasi ya kichwa ikaachwa mbele.

Kwa hiyo, Kulungu, ukiagiza 1:8 halafu fundi akachonga chemba ya kawaida, umelipia nusu ya kitu. Mtengenezee risasi ya mfano, haina baruti wala fataki, kichwa ukiweke pale unapotaka kikae na uhakikishe inaingia kwenye magazini yako. Mpe aitumie kupima koo.

Mzee_wa_Simanjiro

Na koo likirefushwa, zile greni 100 za dukani zitakuwaje?

Fundi_SanAntonio

Zitaruka nafasi kubwa zaidi kabla ya kugusa mifuo, mzee. Bunduki nyingi hazijali hilo, chache hujali. Ndiyo maana simwambii arefushe kwa ajili ya greni 105 mpaka mwisho. Arefushe kiasi.

Paa_wa_Jutland

Mimi ningechonga koo kwa ajili ya kile kichwa cha shaba. Shaba kwa kawaida inapenda kuruka nafasi kidogo kabla ya mifuo, basi wote wawili wanaridhika.

Kulungu_Manitoba

Nimefika. 1:8, koo lipimwe kwa risasi ya mfano ya greni 80 ya shaba na nyongeza ndogo. Greni 105 nitazijaribu kwenye karatasi. Zikikataa kukaa vizuri kwenye magazini sitalia. Jirani nitamwambia mwenyewe.

Swali la mwisho: mtutu ukifika nitajuaje kweli ni 1:8? Nimesikia baadhi hutofautiana na kilichoandikwa.

Fundi_SanAntonio

Hutofautiana kidogo, hasa ile mitutu ambayo mifuo yake imesukumwa kwa kitufe cha chuma kigumu badala ya kuchongwa. Chukua fimbo ya kusafishia yenye mshiko unaozunguka kwa urahisi, ufunge kitambaa kinachobana ndani. Isukume mpaka kitambaa kishike mifuo, uweke alama juu ya fimbo na nyingine pale inapoingilia mtutu. Sukuma taratibu mpaka ile alama ya juu izunguke na kurudi juu. Pima umbali fimbo iliyokwenda. Rudia mara tatu, maana kitambaa huteleza.

Fanya hivyo kabla fundi wako hajakata nyuzi za kuufungia kwenye bunduki. Mtutu ambao haujaguswa mtengenezaji anaweza kuupokea. Ukishakatwa, ni wako.