Kesho naruhusiwa, mwanangu njiti anabaki wodini. Naombeni ushauri

Mleta uzi
Habari zenu wapendwa. Naandika nikiwa kitandani, mkono mmoja uko kwenye kidonda kwa sababu kikohozi kikija nahisi nyuzi zinaachia.

Nimejifungua siku 4 zilizopita, mimba ikiwa na wiki 30 na siku 2. Nilikwenda kliniki kichwa kikiniuma na macho yakiona vimulimuli, nikidhani nitapewa dawa nirudi. Presha ilisoma 170 kwa 115, mkojo ukakutwa na protini, nikalazwa palepale. Nikachomwa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto. Usiku wa pili mapigo ya moyo wake yakaanza kushuka, nikasainishwa karatasi ambayo sikuisoma, nikapewa nusu kaputi.

Nilipozinduka tumbo lilikuwa limeshuka na hapakuwa na mtu wa kuniambia kama mtoto yu hai. Mpaka asubuhi ndipo nikaambiwa ni wa kiume, gramu 1,280, yuko kwenye joto.

Sikumsikia akilia. Baba yake alimwona kabla yangu. Siku ya pili nilisukumwa kwa kiti cha magurudumu nikaoneshwa kitoto chekundu, kofia imemfunika mpaka nyusi, mpira wa puani umebandikwa kwa plasta pana kuliko shavu lake. Nilisoma jina kwenye utepe wa mguuni ili nihakikishe ni wangu. Inaniuma kuandika hili, lakini sikuhisi kitu. Tangu hapo naogopa kumgusa.

Nakamua naambulia matone. Leo uzito wake ni gramu 1,190, umeshuka. Na kesho mimi naruhusiwa, yeye anabaki, huenda mpaka karibu na tarehe niliyopangiwa kujifungua. Natokaje pale mlangoni mikono mitupu? Na je, ni mimi niliyemkosea?

Mama wa Wiki 28
Hongera kwa kujifungua, mama. Nadhani wote wamekupa pole, hongera hakuna.

Siku ya kuruhusiwa iliniuma kuliko kisu chenyewe, sitakudanganya. Kilichonisaidia ni kutotoka kimyakimya. Nilikwenda kwake kwanza, nikamwambia saa ngapi nitarudi, nikaomba namba ya simu ya wodi. Nikawa napiga saa 9 usiku kuuliza tu kama amenywa. Manesi hawakunichoka, na kama mmoja alichoka hakuonesha.

Kuhusu kutohisi kitu: mimi ilinichukua siku 11. Nesi alinipa nepi akasema leo unambadilisha wewe. Ilikuwa imekunjwa mara mbili na bado ilimfika kwapani. Nilipomwinua miguu akanikunjia uso kwa hasira, nikacheka, kisha nikalia mpaka nesi akanivutia kiti. Tangu hapo akawa wangu. Usijihukumu kwa siku 4, dada.

Mdau Mwingine
Pole sana. Usijitese na kukamua, maziwa ya kopo yapo na watoto wanakua. Na mtoto mdogo hivyo asishikweshikwe, aachwe kwenye joto lake atulie.

Muuguzi wa Wachanga
Ndugu yangu hapo juu, najua unamwonea huruma, ila kwa njiti mambo hayako hivyo.

Mama, hayo matone ndiyo dang'a, na kwa mwanao ni dawa. Tumbo lake kwa sasa linapokea mililita chache tu kwa mlo. Yavute kwa bomba la sindano la mililita 1, tone kwa tone, uyapeleke. Utumbo wa njiti haujakomaa, na maziwa ya mama yake humpunguzia hatari ya ugonjwa mbaya wa utumbo unaotusumbua sana wodini. Kamua mara 8 au zaidi kwa saa 24, na usiruke usiku, maana ndipo homoni ya maziwa huwa juu. Aliyefanyiwa upasuaji, tena kabla ya wakati, maziwa yake hukawia kujaa. Yakigoma kabisa, uliza kama kuna maziwa ya kuchangiwa na akina mama wengine. Kopo akiliandika daktari, mpe bila aibu.

Uzito: kushuka hadi asilimia 10 hivi siku za mwanzo ni kawaida, ni maji yanayopungua. Wako ameshuka asilimia 7. Wengi huurudia uzito wa kuzaliwa kati ya siku ya 10 na ya 14. Kunyonya mwenyewe bado kidogo, kwa sababu kupatanisha kuvuta, kumeza na kupumua huanza kukaa sawa kama wiki ya 34.

Kumshika sasa. Kangaruu, yaani kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, kwa Dkt. Edgar Rey Sanabria, vitanda vya joto vilipokuwa haba. Leo haihesabiwi tena kuwa mbadala tu pale mashine zinapokosekana. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri njiti awekwe kifuani mapema iwezekanavyo, saa 8 hadi 24 kwa siku. Hata mwenye mpira wa oksijeni anaweza, timu yake ikiridhia. Waulize kesho asubuhi, kabla hujaondoka. Kama bado, ingiza mikono iliyonawiwa: kiganja kimoja kichwani, kingine kwenye nyayo, tulia hivyo. Usimpapase, ngozi yake inachoka upesi. Na mashine ikilia, mtazame mtoto kwanza, rangi na kifua chake. Mara nyingi ni waya umeachia.

Baba wa Njiti
Shemeji, mke wangu alipokuwa bado mahututi, mimi ndiye niliyevua shati nikambeba binti yetu kifuani. Mshirikishe mwenzio. Sisi wanaume tunasimama pembeni tukidhani tutavunja kitu.

Mkunga Mstaafu
Wote wamemsemea mtoto, naomba nimsemee mama. Mwanangu, kifafa cha mimba hakiishii mezani pa upasuaji, kinaweza kukupata hata wiki kadhaa baada ya kujifungua. Meza dawa za presha kama ulivyoandikiwa na usikose kupimwa. Kichwa kikirudi, vimulimuli, maumivu juu ya tumbo upande wa kulia, kuishiwa pumzi, damu nyingi, homa au kidonda kutoa usaha, rudi hospitali saa hiyohiyo, hata kama ulikuwa njiani kumpelekea maziwa.

Kabla ya kutoka muulize daktari mji wa mimba ulikatwa vipi, akuandikie. Wiki 30 sehemu ya chini huwa haijatanuka vizuri, na mara nyingine hulazimika kukata wima. Kovu la nje halikuambii hilo. Likiwa la wima, mimba ijayo utapangiwa upasuaji mapema, usisubiri uchungu. Na mimba hiyo ikija, wahi kliniki, kuna wanaoanzishiwa aspirini ya dozi ndogo kuanzia wiki ya 12.

Hukumkosea. Tatizo hili la presha ya mimba huanzia kwenye kondo la nyuma, mishipa inapojijenga vibaya mimba ikiwa bado changa. Hakuna chakula ulichokula wala mzigo ulioinua. Ila huzuni ikipita wiki 2 haipungui, iseme kwa daktari kama unavyosema presha.

Mleta uzi
Nimerudi, leo ana siku 13. Nilitoka mikono mitupu kweli, nikalia njia nzima, kesho yake nikarudi na mililita 4. Leo asubuhi nimekamua 35 kwa mkupuo mmoja.

Juzi walimweka kifuani kwangu kwa mara ya kwanza. Niliganda, hata kupumua nilipumua kidogokidogo. Baada ya muda akafungua mkono, akaukunja kwenye utepe wa gauni langu, akalala. Uzito leo ni gramu 1,295.

Swali: nikikaa naye muda mrefu kitambaa kinakandamiza kidonda. Mnafungaje?

Muuguzi wa Wachanga
Mpandishe juu zaidi, katikati ya matiti, miguu yake imekunjwa kama chura. Ukingo wa juu wa kitambaa uishie chini ya sikio lake, uso ugeukie pembeni, kidevu kiinuke kidogo. Fundo lipeleke ubavuni. Wewe egemea nyuma na mto chini ya kila kiwiko, uzito wake utabaki kifuani.