Somo la kompyuta limepewa jina jipya, watoto bado wanachora kibodi kwenye daftari

Wakuu, leo sina salamu ndefu, nina hasira.

Ni mwalimu wa shule ya kata, mwaka wa tisa huu. Nafundisha kompyuta kwa chaki. Jumanne nilikuwa Kidato cha Pili, watoto 68, nikachora ukurasa wa Excel, ile programu ya majedwali ya hesabu, ubaoni, visanduku vyote kwa rula. Nikaandika =SUM(A1:A5), fomula ya kujumlisha visanduku vitano. Binti wa dawati la mbele akanyoosha mkono: "Mwalimu, ukishaandika hiyo, jibu linatokea wapi?" Wenzake wakacheka. Nikafuta fomula kwa kiganja, nikaandika jumla palepale kwenye kisanduku: "Linatokea hapa." Siku hiyo kompyuta ilikuwa mimi.

Mashine tunazo 11 za msaada, zinazowaka nne, moja kibodi yake haina N. Umeme ukiwepo, bahati.

Sasa msije mkanielewa vibaya, mtaala kubadilishwa sikupinga. Ulipoanza Januari 2024 nilifurahi kweli, maana muhtasari wa ICS (Information and Computer Studies, jina la zamani la somo) ulikuwa umezeeka. Kitabu kilichopo kabatini kwetu kinafundisha Visual Basic 6, lugha ya kuandikia programu, kitu cha 1998, na Microsoft wenyewe waliacha kuihudumia 2008, kabla wanafunzi wangu hawajazaliwa. Likaja jina jipya, Computer Science, na neno "umahiri" kila ukurasa. Umahiri wa nini, kwa kifaa kipi?

Kinachonichoma zaidi ni upimaji. Kuna kijana alimaliza hapa kwetu, leo ndiye anayepiga windo (kuweka Windows upya) kompyuta za nusu ya mtaa, ukimletea mashine imekufa anaifungua anaiwasha. Kompyuta alipata F. Alichanganya vizazi vya kompyuta, akaweka transista kabla ya vakyumu tyubu, na ile mashine ya kujumlisha ya Pascal ya 1642 hakuikumbuka kabisa. Darasa hilohilo kuna binti aliyepata A. Mwezi uliopita kaja nyumbani kwangu na simu ya mama yake, anaomba chuo, hajui kuambatisha cheti. Simlaumu, alikariri vizuri sana nilichomwandikia ubaoni. Aliyempa A ni mimi na chaki yangu.

Halafu kuna kazi mradi. Hii ndiyo iliyonifanya nifungue uzi. Wazo lenyewe zuri: mtoto atengeneze kitu chake, tuseme daftari la mauzo ya duka la mama, apewe alama kwa alichofanya, ziingie kwenye alama zake za maendeleo. Sasa watoto 41 wa Kidato cha Tatu nimewaambia walete kazi. Nimepata flashi saba. Nimezifungua jana usiku kwenye laptopu yangu, mafaili yote saba yana jina moja, MRADI FINAL, na nilipoangalia aliyeyatengeneza nikakuta jina la mwenye steshenari ya pale stendi. Yote saba! Duka ni lilelile, bei ya sukari ileile, kilichobadilika ni jina la mwanafunzi. Bado wale 34 ambao hata hela ya steshenari hawakuwa nayo.

Nikampelekea mkuu. Majibu yake: "Mwalimu, jaza tu, usituharibie wastani wa shule."

Mtaniambia mwalimu uwe mbunifu, tumia simu. Zipi? Mwanafunzi akikutwa na simu shuleni anasimamishwa. Wengine mtasema basi shule isiyo na maabara isifundishe somo hili. Nimeliwaza sana hilo, na ndilo linaloniuma, kwa sababu wa kwanza kukosa atakuwa yule binti wa =SUM, na wa shule za kulipia ataendelea kama kawaida.

Ninachotaka si kikubwa. Alama ya vitendo itolewe mtoto akiwa amekaa mbele ya mashine, mbele ya mtu asiye mwalimu wake, hata kama ni dakika ishirini. Kama mashine hazipo, basi kwenye fomu kuwe na mahali pa kuandika "hakupimwa", nisilazimishwe kutunga namba.

Kwa sababu Jumatatu orodha inatakiwa. Majina 41, safu ya alama iko wazi. Walimu wenzangu wa kompyuta mnaosoma hapa, ninyi mmejazaje?