Chensoo mpya imezima siku ya tatu, nichukue kubwa zaidi?

Kuni Mbichi (mtoa mada)
Wakuu habari za muda huu. Mwezi huu nimejilipua, nimenunua chensoo ya petroli yenye upanga wa inchi 16, shoka la kupasulia, kabari mbili za chuma na tupa. Nilichoshwa na msumeno wa mkono maana kuna mti ulianguka nyuma ya nyumba na shina lake ukilikumbatia vidole havikutani. Siku ya kwanza mashine ilikata kama inakata sabuni, ya pili vilevile, ya tatu nikiwa katikati ya gogo ikaanza kulia sauti ya juu juu, ikaishiwa nguvu, ikazima. Sasa hivi kamba ya kuwashia naivuta haina hata ule uzito wa mwanzo, inakuja laini kama kamba ya kiatu. Swali langu ni moja tu, inchi 16 ndiyo imelemewa? Nichukue ya inchi 20? Ushauri tafadhali, kejeli sitaki.

Pembeni Tu
Ngoja waje wataalamu, mimi nimeshavuta kiti.

Shoka la Babu
Vijana mnapenda makelele. Shoka halina plagi wala kabureta. Mimi babu alinifundisha nikiwa bado mdogo, akanisimamisha mbele ya gogo akaniambia usipige, liangalie kwanza. Ukilitazama uso wake utaona mipasuko midogo imeanzia katikati inaelekea nje, huo ndio mlango, piga hapo. Na kuni pasua zingali mbichi, miti mingi ikishakauka inakuwa bishi. Siku moja nilijifanya najua nikapiga katikati kwenye kifundo, shoka likaruka likatua sentimita chache kutoka kidole gumba cha mguu. Babu wala hakunipa pole, aliniuliza tu kama nimeliangalia gogo.

Mama Wawili
Mbona kwenye orodha yako sijaona suruali ya kinga, kofia wala vya kuziba masikio? Upanga na tupa umevikumbuka, miguu yako umeisahau. Hizo suruali zina nyuzi ndefu ndani, cheni ikigusa inazivuta zinajisokota kwenye gia na mashine inakwama. Cheni inakimbia kama mita 20 kwa sekunde, hakuna mguu unaowahi kukwepa. Kaka yangu alikata kwa ncha ya juu ya upanga, mashine ikamrukia usoni, mpaka leo akicheka mdomo unaenda upande mmoja.

Fundi Tupa
Inchi ziache kwanza. Kamba ikiwa laini hivyo maana yake kompresheni, ule mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, imekimbia. Uliweka oili gani, na kipimo gani?

Kuni Mbichi
Oili niliweka mkuu, tenki lake lilijaa mpaka juu, cheni ilikuwa inarusha oili vizuri tu. Hapo sijakosea. Naomba turudi kwenye inchi.

Fundi Tupa
Hiyo ni ya cheni. Nauliza iliyokuwa ndani ya petroli.

Pembeni Tu
Kimya hiki kina jibu ndani yake 😂

Kuni Mbichi
Haya jamani. Petroli ilikuwa tupu. Lakini mnielewe, kijitabu kilichokuja na mashine kina lugha kama kumi na tano na hakuna hata moja ninayoisoma nikaielewa, na muuzaji naye hakunisisitizia. Mtu unauziwa kitu cha gharama hivi halafu hakuna anayekuambia! Hata hivyo hilo nimeshalishughulikia, petroli ile nimeimwaga, nimeweka mchanganyiko sahihi wa 50 kwa 1, na muuzaji nimempigia nimemwambia imezima yenyewe, kasema niilete Jumamosi, waranti ipo. Kwa hiyo sioni kama nimemwibia mtu, mashine nzuri ingeweza kuvumilia.

Fundi Tupa
Hakuna ya aina hiyo inayovumilia. Injini ya mipigo miwili haina sehemu ya kuhifadhia oili chini kama ya gari, inalainishwa na ile iliyochanganywa kwenye petroli peke yake. 50 kwa 1 ni mililita 20 kwa kila lita, yaani mililita 100 kwenye lita tano, kidogo tu hivyo. Ukiikosesha, pistoni inapata moto, inatanuka, inasugua ukuta wa silinda chuma kwa chuma. Kubadilisha petroli baada ya hapo ni kumvisha marehemu suti.

Mama Wawili
Mimi hili la kumdanganya muuzaji ndilo limeniuma. Naye ana familia. Leo umeficha petroli, kesho utaficha nini?

Dereva Mstaafu
Hii imenikumbusha shemeji yangu, yeye kwenye jenereta alitia dizeli ikatoa moshi mtaa mzima ukadhani kuna moto, akasimama nje na ndoo ya maji kama na yeye kaja kusaidia kuzima, mpaka leo hajakiri. Shemeji kama unasoma hapa, tunajua.

Jicho Kali
Naona mnajaza kurasa bure. Hii ni CHAI. Injini ya mipigo miwili kwenye petroli tupu haimalizi hata tenki moja ikiwa kazini, yeye anatuambia kakata siku mbili kama sabuni ndipo ya tatu ikazima. Ama hajawahi kushika chensoo, ama anauza za inchi 20 na anatutafutia wateja. Mtoa mada weka ushahidi au funga uzi.

Pembeni Tu
Aisee hapo kwenye siku tatu pamenigonga na mimi. Nilishaanza kumhurumia.

Dereva Mstaafu
Ya shemeji yangu lakini ni ya kweli.

Kuni Mbichi
Mimi siuzi chochote! Siku mbili za kwanza nilitumia kopo la lita mbili alilonijazia muuzaji mwenyewe, tayari limechanganywa, lilikuwa na rangi ya kijani. Lilipoisha ndipo nikajaza kutoka kwenye dumu langu la petroli. Haikumaliza robo ya tenki. Kwa hiyo hesabu yako Jicho iko sawa na hadithi yangu iko sawa.

Jicho Kali
Kwa hiyo alikuchanganyia mbele yako.

Kuni Mbichi
Ndiyo.

Jicho Kali
Akakuonyesha na kipimo.

Kuni Mbichi
Alionyesha kichupa fulani. Nilikuwa kwenye simu.

Pembeni Tu
😂😂😂 uzi usifungwe tafadhali

Fundi Tupa
Tuache kumsulubu. Kuni Mbichi, fungua ekzosti, inashikwa na boliti mbili au tatu tu, ingiza mwanga wa simu kwenye tundu, vuta kamba taratibu mpaka pistoni ije mbele, halafu tuambie umeona nini.

Kuni Mbichi
Nimefungua. Pistoni upande huu ina mikwaruzo ya wima inayong'aa, kama paka amekwangua mlango. Ringi moja siioni mstari wake vizuri, kama imebandikwa na chuma kilichoyeyuka. Mikono inanuka petroli na sijisikii vizuri.

Jicho Kali
Sawa, naondoa chai. Hiyo ya ringi kubandikwa mtu haitungi.

Fundi Tupa
Ndivyo inavyokuwa. Na tundu hilohilo muuzaji ataliangalia kabla hajaangalia tenki, kwa hiyo ule mchanganyiko wako mpya hauna kazi. Mwambie ukweli, ulizia pistoni, ringi na silinda, mwili wa mashine bado mzima. Kuhusu inchi zako, 16 ni kama sentimita 40 na shina lako nakadiria ni 50 na kidogo, unakata upande mmoja kisha unazunguka upande wa pili. Ya 20 ungeiua vilevile, kwa gharama zaidi.

Kuni Mbichi
Ila ya 20 ingemaliza kwa mkato mmoja.

Fundi Tupa
Haya.

Kuni Mbichi
Mrejesho. Nimetoka kwa muuzaji. Maneno nilikuwa nimeyapanga njia nzima. Akaishika mashine, akavuta kamba mara moja, akaiweka mezani akaniuliza, lile kopo nililokujazia liliisha lini? Nikasema Alhamisi. Habari za waranti hakuna aliyezigusa tena. Vipuri anaagiza, nalipa mimi, na kanipa kichupa chenye alama za kipimo, safari hii simu ilikuwa mfukoni. Wakati nasubiri, vipande vifupi nilivyokwisha kukata nitavipasua. Shoka la Babu, gogo likiwa na kifundo pembeni nalipigaje?

Shoka la Babu
Umeliangalia?

Kuni Mbichi
Naliangalia hapa.

Shoka la Babu
Anza kumega pembezoni upande usio na kifundo, kipande kimoja kimoja, chenyewe kibakize mwisho. Kikigoma weka kabari, usigombane nacho.

Mama Wawili
Viatu vigumu kwanza. Nakuona umevaa kandambili.

Kuni Mbichi
Umejuaje?