Ukuta wa bluu iliyokoza: kampuni nyingine inaweza kutoa rangi ileile? (Niko Mwanza)

MamaWawili_Nyegezi

Wakuu, habari za Jumapili. Naomba msaada kwa wanaojua rangi, hasa mlioko huku Mwanza.

Sebule yangu ina ukuta mmoja wa bluu iliyokoza sana, ile inayokaribia weusi giza likiingia. Picha niliikuta mtandaoni, rangi inaitwa Hale Navy ya kampuni ya Benjamin Moore. Wifi yangu aliyekuwa Dar akaenda na picha hiyo dukani, wakamchanganyia kitu cha kufanana nayo, akanitumia kopo kwa basi. Ukuta ukatoka safi. Hata baba watoto, aliyekuwa analalamika kwamba nageuza sebule ukumbi wa disko, akanyamaza.

Sasa juzi fundi umeme amekuja kuongeza soketi ya televisheni. Kachimba mfereji kutoka darini mpaka usawa wa kiuno, kasiriba, kapiga skimu, kalipwa, kaondoka. Nimebaki na mstari mweupe katikati ya bluu kama kovu la upasuaji. Rangi imeisha, na kibandiko cha kopo kimejaa matone hata namba hazisomeki. Duka lile la Dar wifi anasema limefungwa.

Nimezunguka mjini. Duka la kwanza, kule Makoroboi, wamesema hawaijui hiyo rangi. La pili jamaa kafungua katalogi ya kampuni tofauti kabisa, kaweka kidole: "Mama, hii ndiyo yenyewe." Ndani ya duka nikaona kweli inafanana na picha ya kwenye simu. Nilipotoka nayo juani ikawa na uzambarau.

Na korido nayo nataka iwe bluu hiyohiyo. Inawezekana kampuni nyingine ikatoa rangi ileile, au nikubali kupaka upya nyumba yote? Dirisha la sebule linatazama ziwa, jua la jioni linaingia lote ndani. Nawasilisha.

Jiwe_la_Bismarck

Nunua televisheni kubwa zaidi, kovu litafichika.

MamaWawili_Nyegezi

@Jiwe_la_Bismarck mfereji umeanzia darini kaka. Labda ununue wewe.

Fundi_Rola

Mwangaluka dada. Usihangaike na makampuni. Chukua rangi nyeupe ya maji lita 4, chukua vile vichupa vya rangi kali, bluu na nyeusi, koroga taratibu huku unajaribisha ukutani mpaka ifike. Sisi kazi tunafanya hivyo miaka yote, Igoma huku mpaka Kisesa.

DadaWaMashine

Fundi, kwa krimu au pinki ya chumba cha mtoto tuko pamoja. Kwa bluu ya huyu mama nakukatalia. Kazi yangu ni kuchanganya rangi kwa mashine (duka silitaji, sijaja kutafuta wateja), na bluu za aina hii ndizo zinazonirudisha kwenye kikokotoo mara nyingi kuliko rangi nyingine yoyote.

Rangi nyeupe imejaa titani dioksidi, ule unga unaoifanya ifunike ukuta. Ukiimwagia vichupa vya bluu, ule weupe haujaenda popote. Utapata bluu ya shati la shule. Ukiongeza nyeusi ili ikoze, inageuka kijivu. Bluu iliyoiva inaanzia kwenye besi (rangi ya msingi kabla haijatiwa rangi kali) isiyo na weupe, au yenye weupe kidogo mno. Ukifungua kopo lake utaona kitu kama maziwa, lakini ukiipaka bila kuitia rangi, ikikauka ukuta unaonekana vilevile. Kopo lenyewe kiwandani hawalijazi mpaka juu, wanaacha nafasi, maana bluu hizi zinakula rangi kali nyingi.

Hapo ndipo ugumu wa kuhama kampuni unapoanzia. Namba iliyoandikwa kwenye kibandiko ni maelekezo ya jikoni kwao: kwenye besi yetu, weka bluu yetu kiasi hiki, nyeusi yetu kiasi hiki, zambarau kidogo. Mimi nikiichukua fomula hiyo nikaitia kwenye besi ya kampuni nyingine, kitakachotoka ni bluu, basi, lakini si ile. Na jina ndiyo kabisa halikusaidii. Hale Navy, HC-154, ni ya Benjamin Moore wa Marekani. Sherwin-Williams, nao wa hukohuko, wana ya kwao inaitwa Naval, SW 6244, waliitangaza kuwa rangi yao ya mwaka 2020. Farrow & Ball wa Uingereza wana Hague Blue, namba 30. Mtandaoni zote utaambiwa ni nevi bluu. Zipange pamoja: Hale Navy ina ukijivu, Hague Blue inavuta kijani.

Halafu mama, hebu tuseme ukweli, wewe huitafuti Hale Navy. Ya kwako ilitengenezwa Dar kwa kutazama simu. Rangi unayoitaka iko sehemu moja tu duniani, ukutani kwako. Kwa hiyo peleka ukuta dukani. Fungua kifuniko cha swichi au soketi ya zamani kwenye ukuta huohuo, na kwa wembe mkali kata kipande pembeni mwa kiboksi, pale kifuniko kitakapofunika tena. Kata pamoja na skimu yake ili kisivunjike. Kiwe kikubwa kuliko sarafu ya shilingi mia mbili na kiwe bapa, kwa sababu mashine ya kusoma rangi ina kijitundu chake na kipande lazima kikizibe chote. Kifute vumbi. Au kama vifusi vya fundi umeme bado viko nje kwenye kiroba, pekua humo kwanza.

Tafuta duka lenye mashine ya kusoma, si ya kuchanganya tu. Mashine ikishasoma, inatafuta fomula kwa besi za kampuni inayouzwa hapo, iwe Goldstar, Coral, Crown, yoyote. Jibu la kwanza la mashine kwa bluu nzito mara nyingi linahitaji kusogezwa, kwa sababu rangi ikiwa giza mwanga unaorudi ni mdogo na kosa dogo linaonekana. Waambie wachanganye kopo dogo kabisa kwanza. Wakikuonyesha tone bichi kwenye kidole, usikubali wala usikatae: rangi ya maji ikiwa mbichi ina weupeweupe, ikikauka inakoza. Paka kwenye kipande cha jipsamu mikono miwili (yaani mara mbili), kikauke, ndipo ukisimamishe kando ya ukuta.

Kuhusu ule uzambarau ulioona juani, hukuona vibaya. Bluu mbili zinaweza kufanana chini ya taa za dukani zikatengana juani, kwa sababu zimetengenezwa kwa vitu tofauti: moja kwa bluu ya ftalo (aina ya rangi kali ya bluu) na nyeusi, nyingine imeongezewa zambarau ili ifike palepale. Nyumba yako inatazama ghuba, kwa hiyo kipimo chako ni saa kumi na moja jioni, jua likiwa upande wa ng'ambo na maji yanarudisha mwanga ndani. Kirudie usiku kwa taa zako. Kikifanana mara zote mbili, nunua.

Kovu lenyewe usilipake peke yake, hata ukipata rangi inayofanana kabisa. Hata kopo la pili la duka lilelile la Dar lingeonekana kiraka, kwa sababu ukuta umeshapigwa na jua na kufutwa kwa kitambaa chenye sabuni. Paka ukuta wote, kona hadi kona. Kuta mbili zinapokutana konani kila mmoja unapata mwanga wake, kwa hiyo hapo macho yanasamehe. Katikati ya ukuta hayasamehe hata kidogo.

Jiwe_la_Bismarck

Bibi yangu Ukerewe alikuwa anatia bluu ya kufulia kwenye chokaa na nyumba inapendeza. Hakuwa na mashine.

DadaWaMashine

@Jiwe_la_Bismarck na alijua alichofanya. Bluu ya kufulia nyingi ni altramarini, aina ya unga wa bluu, na altramarini inavumilia ukali wa chokaa. Ila kwenye chokaa nyeupe itaishia bluu ya anga, usimpoteze mama wa watu.

MamaWawili_Nyegezi

Dada, Mungu akubariki. Vifusi vipo, nimepata kipande kama kiganja cha mtoto. Nimeuliza duka moja kwa simu wakaniuliza kama nina namba ya RAL. Ndiyo nini? Na ukuta ni mita 4 kwa 3, lita ngapi?

DadaWaMashine

RAL ni mpangilio wa rangi wa Wajerumani, ulianza 1927, haumilikiwi na kampuni ya rangi. Mafundi wa aluminiamu na mageti wanauzoea sana. Faida yake ni kwamba kampuni zote zinalenga kadi moja. Kwa bluu za kwako tazama RAL 5011 na 5004. Lakini kwa ukuta mkuukuu namba hiyo itakupa jirani tu, hiyo ya kwako haitaipata. Ningekushauri uitumie kwenye korido: chagua RAL iliyo karibu zaidi, uiandike mahali, na siku rangi ikiisha utaipata upya hata kwa kampuni nyingine. Korido haigusani na ule ukuta, hakuna atakayesimama mlangoni kulinganisha.

Ukuta wako ni mita za mraba 12. Kwa rangi hizi hesabu mikono mitatu, maana hazifuniki upesi, kwa hiyo 36. Lita moja inapaka kama mita za mraba 10, mkono mmoja. Kopo la lita 4 linakutosha na kidogo kinabaki. Na angalia kama ya zamani ni mati (isiyong'aa) au silki (inayong'aa kidogo). Silki kwa fomula ileile inaonekana imekoza zaidi, na mati ya giza inaonyesha kila alama ya mkono wa mtoto.

Fundi_Rola

Hapo kwenye besi nimejifunza, sikatai. Niongezee ya kwangu. Mfereji uache ukauke vizuri, saruji mbichi ina ukali wake, kisha piga msasa na upake praima, ile rangi ya kutangulia. Praima mwambie muuzaji aikoleze iwe ya kijivu, isiwe nyeupe, bluu itafunika haraka. Na ukinunua zaidi ya kopo moja kwa korido, mimina yote kwenye ndoo moja ukoroge kabla hujaanza, maana hata mashine haitoi makopo mawili sawasawa.

MamaWawili_Nyegezi

Sawa baba. Naweza kupaka usiku watoto wakilala?

Fundi_Rola

Hapana dada, paka asubuhi. Usiku utawasha taa, na wewe uko ziwani, wale wadudu wadogo wakitoka kwa wingi wanafuata mwanga na kuganda kwenye rangi mbichi. Kwenye krimu unaweza ukawafuta. Kwenye bluu kila mmoja anaacha alama yake, na hapo ni msasa na kuanza upya.