Ze Comedy na Mizengwe: tulicheka pamoja au kuna waliokuwa wanachekwa?

Mwana Keko: Wakuu, kuna mtu kanirushia klipu ya zamani ya Ze Comedy, kile kipindi cha vichekesho cha TV, nimecheka mpaka chozi. Ila hivi zile lafudhi za mikoani zilituunganisha watu wa Dar na bara au ilikuwa kudhalilishana tu? Maana kwenye vichekesho vyetu mshamba lazima aongee kama kashuka kwenye basi la Mwanza asubuhi hiyohiyo.

Ng'wana Magu: Kudhalilishana. Mi nimekuja Dar kidato cha tano, nikifungua mdomo tu darasa zima linacheka hata sijamaliza, walijifunzia wapi kama sio kwenye TV

Kiberiti: Unalialia nini sasa. Mzaramo na Mnyamwezi wanataniana mpaka msibani, watani wanazuia jeneza hadi utoe hela. Na yule mchekeshaji Mkwere wa kipindi cha Mizengwe pale ITV je? Watu walimcheka miaka yote hiyo Mkwere mwenzie, Kikwete, yuko Ikulu na hakuna aliyekamatwa 😂

Bi Mdogo Temeke: Msibani mtani yupo hapohapo, anakurudishia, yanaisha. TV utairudishia vipi, utaitukana rimoti?

Kiberiti: Ze Comedy ilikuwa TBC, chombo cha umma, ingekuwa tusi wangeifungia

Fundi Redio: Ilianzia EATV we jamaa, TBC walienda baadaye wakaitwa Orijino Komedi. Halafu Joti wa hiyohiyo Ze Comedy kaigiza bibi kizee mara ngapi, mbona bibi zetu walikuwa wa kwanza kukaa mkekani kusubiri

Mtoto wa Kariakoo: Shida ni wakuja. Mmejaa mjini halafu mnatupangia na cha kuchekea

Ng'wana Magu: WAKUJA? Kariakoo hiyohiyo yenye maduka ya Wakinga na Wachaga? Nyie wenyeji mliuza nyumba za urithi mkaoa nazo wake wa pili, saa hizi mko Chanika mnagombania daladala

Mtoto wa Kariakoo: Chunga mdomo, nyumba ya babu yangu ipo mpaka leo

Kiberiti: Ipo, ila ghorofa la nani hapo juu? 😂😂

Bi Mdogo Temeke: Nimeuliza TV inajibiwaje, naona mnagawana viwanja

Fundi Redio: Chanika sio mbali kihivyo jamani, mi nipo huku na maji yanatoka

Mtoto wa Kariakoo: Ng'wana Magu, taja mtaa unaokaa kama mwanaume. Umepanga wewe