Mpaka wa Ufini na Urusi: je, watoto wetu walioko Lappeenranta warudi nyumbani?

Kutoka: Mama wa Milimani, Kisumu

Ndugu na dada zangu,

Natumai mu wazima huko mliko. Binti yangu anasomea uuguzi Lappeenranta, kusini-mashariki mwa Ufini, na tangu picha za satelaiti za mahema ya kijeshi ya Warusi huko Kamenka zianze kuzungushwa katika kundi la WhatsApp la ukoo wetu, hapa nyumbani hapalaliki. Mjomba wake amepima kwenye ramani akaona kwamba kutoka mji huo hadi mpakani ni kama kutoka Kisumu hadi Ahero, na sasa hataki kusikia lingine ila mtoto akatiwe tikiti arudi. Binti mwenyewe anasema hakuna neno, lakini mtoto aliye mbali ana siku gani ambayo hukiri kwamba kuna neno? Tuliuza kipande cha shamba ili apate akiba ya benki inayodaiwa kwa ajili ya kibali chake. Singependa kumrudisha kwa sababu ya hofu ya watu wa WhatsApp, wala singependa kesho niambiwe kwamba nililionea uchungu shamba kuliko mwanangu. Naomba mlioishi huko mniambie hatari yenyewe ikoje, sheria inamtaka mgeni afanye nini mambo yakiharibika, na sisi wazazi tushike lipi.

Kutoka: Baba wa Lanet, Nakuru

Mama, salamu nyingi kutoka huku kwetu. Nilitunza wazee Imatra na baadaye Helsinki kwa miaka kadhaa kabla sijarudi, na jamaa zangu wangali huko, kwa hiyo utaniwia radhi nikijibu kwa kirefu.

Mjomba hakukosea kuhusu umbali. Ufini na Urusi zinapakana kwa takriban kilomita 1,340, na Lappeenranta na Imatra ni miji ya mpakani hasa, ambako zamani Warusi walikuwa wakija kununua kahawa na sabuni na kurudi kwao siku hiyohiyo. Hata hizo picha si za uongo: Kamenka iko chini ya kilomita 60 kutoka mpakani, na mwaka wa 2024 Urusi ilirudisha wilaya ya kijeshi ya Leningrad, ambayo uso wake umeelekea upande huo. Kile ambacho picha hazisemi ni kwamba sehemu kubwa ya wanajeshi waliokuwa wakikaa katika kambi za eneo hilo walipelekwa Ukraine, na kwamba tangu tarehe 4 Aprili 2023 Ufini ni mwanachama wa NATO, hivyo atakayeigusa Lappeenranta atakuwa amewagusa pia Marekani, Uingereza na wengineo. Maoni yangu, ambayo si ya jemadari, ni kwamba sioni vifaru vikivuka Nuijamaa, kituo cha mpakani karibu na Lappeenranta, wakati binti yako yuko masomoni. Sitaapa, lakini kama ningekuwa na mtoto huko, nisingemkatia tikiti.

Ugomvi uliopo hivi sasa ni wa namna nyingine, na huo ndio unaofaa kuandaliwa. Mwishoni mwa mwaka wa 2023 watu wasio na hati za kusafiria walianza kufika kwa wingi kutoka upande wa Urusi, wengine wakiwa juu ya baiskeli katikati ya theluji. Serikali ya Ufini ikasema kwamba wamesukumwa makusudi na Moscow, ikafunga vituo vyote vya barabarani. Oktoba mwaka huohuo bomba la gesi kati ya Ufini na Estonia lilikatika baharini kwa nanga ya meli, na siku ya Krismasi ya 2024 ikawa zamu ya Estlink 2, waya wa umeme upitao baharini kati ya nchi hizohizo. Mawimbi ya GPS nayo yamekuwa yakivurugwa, hata mwaka wa 2024 Finnair ikasimamisha kwa takriban mwezi mzima safari zake za kwenda Tartu nchini Estonia. Kwa mwanafunzi, maana ya haya yote ni kwamba siku moja umeme unaweza kuzimika katika baridi kali, kadi ya benki ikakataa dukani na simu ikakosa mtandao, bila risasi hata moja kusikika.

Wafini wamelijua jambo hili kabla sisi hatujaanza kusambaziana video. Tarehe 30 Novemba 1939 Umoja wa Kisovieti uliwavamia, wakapigana siku 105, na mwishowe wakapoteza sehemu kubwa ya Karelia yao pamoja na mji wa Viipuri, na zaidi ya watu 400,000 wakalazimika kuhama makwao. Katika nyumba ya wazee nilikofanya kazi Imatra walikuwamo waliohamishwa wakiwa watoto wachanga. Ndiyo sababu nchi ya watu milioni 5.6 ina mahandaki ya kujikinga yapatayo 50,500, yenye nafasi ya watu milioni 4.8. Mengi si mapango ya kutisha, bali yako chini ya majengo ya ghorofa ambamo watoto wetu wanapanga vyumba. Mwambie binti ashuke chini ya jengo lao atafute mlango mzito wa chuma wenye alama ya pembetatu ya bluu ndani ya rangi ya chungwa. Akiufungua atakuta vizimba vya waya vilivyojaa baiskeli, skii na matairi ya magari, maana wakati wa amani wenyeji hulitumia handaki kama stoo, na sheria inataka liweze kuondolewa vitu hivyo na kuwa tayari kwa watu ndani ya saa 72. Kama jengo lao halina, aulize wasimamizi wa nyumba ni lipi linalowahusu. Aulize sasa, si siku ya mkimbio.

Kuna jambo jingine linalowashtua wageni. Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi, saa sita mchana, ving'ora hujaribiwa kwa mlio mfupi ulionyooka. Mara ya kwanza niliposikia nilikuwa nimeshika kijiko cha uji wa mzee mmoja, nami nikasimama wima. Yeye alifungua tu mdomo akingoja kijiko. Mlio wa hatari yenyewe hupanda na kushuka kwa muda wa dakika moja, na unaposikika mtu huingia ndani, hufunga madirisha na matundu ya hewa, kisha husikiliza redio. Anayekimbilia nje kuangalia kuna nini anafanya kinyume kabisa.

Kuhusu sheria, wengi huchanganya mambo mawili. Utumishi wa jeshi ni lazima kwa wanaume walio raia wa Ufini, na binti yako mwenye pasipoti ya Kenya haumhusu hata kidogo, ingawa vijana wa kiume wanaokusudia kuchukua uraia wanapaswa kulifikiria hilo mapema. Ulinzi wa raia, hata hivyo, ni habari nyingine. Kila mkazi wa Ufini mwenye umri wa miaka 18 hadi 67, awe raia au mgeni, anaweza kutakiwa kusaidia kazi za uokoaji zisizo za kijeshi, na katika hali ya hatari iliyotangazwa rasmi watu wa afya wanaweza kuamriwa kufanya kazi. Muuguzi asijidanganye kwamba siku hiyo ataomba likizo. Kwa upande mwingine, nchi inayokuhesabu kuwa mtu wa kazi inakuhesabu pia kuwa mtu wa kulishwa na kulindwa, na mimi naona hilo ni bora kuliko kuwa mgeni asiyejulikana yuko wapi.

Nimalizie na hati. Sisi tuliokuwa Nakuru Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, tuliwaona watu wakiingia uwanja wa maonyesho na godoro kichwani na sufuria mkononi, huku kitambulisho, cheti cha kuzaliwa na hati ya shamba vimeteketea nyumbani. Waliokuwa na karatasi zao walianza upya kwa shida. Wasiokuwa nazo walizungushwa ofisi hadi ofisi. Binti awe na pasipoti, kadi ya kibali, vyeti vya shule na barua ya chuo ndani ya mfuko mmoja usiopenya maji, na nakala zake ziwe kwako Milimani.

Kutoka: Mwalimu mstaafu, Kakamega

Naomba kuongeza kidogo. Mmoja wetu aliniandikia pembeni akilinganisha mambo haya na Migingo, kisiwa cha Ziwa Victoria kinachogombaniwa na Kenya na Uganda. Kisiwa kile kina uchungu wake kwa wavuvi wetu, lakini Kenya na Uganda hazijawahi kusimama kama Urusi na jirani zake, na ulinganisho huo unatupeleka njia isiyo yake.

La karibu zaidi na sisi ni Ukraine. Februari 2022 walikuwapo huko wanafunzi wa Kenya wapatao 200, na Kenya haikuwa na ubalozi Kyiv, kwa hiyo mambo yao yalishughulikiwa kutoka Vienna. Walijitafutia njia hadi mpaka wa Poland, ambako Waafrika wengi walisema waliwekwa nyuma ya foleni. Aliyeondoka mapema, akiwa na fedha taslimu na hati mkononi, hakuwa na hadithi sawa na aliyengoja.

Tena, vijana wetu wa huku magharibi wanaahidiwa kazi nchini Urusi, za udereva na za ulinzi, kisha wanajikuta wametia sahihi kwenye mkataba wa jeshi ulioandikwa Kirusi. Mwishoni mwa 2025 serikali yetu ilisema kuwa Wakenya zaidi ya 200 walikuwa wakipigana upande wa Urusi. Mzazi anayemhofia binti aliye Ufini amtazame pia kaka yake aliyebaki nyumbani bila kazi, ajue nani anampigia simu.

Kutoka: Mama wa Milimani, Kisumu

Nawashukuru sana, Baba wa Lanet na Mwalimu. Nimesoma yote kwa sauti, na mjomba wake akasikiliza hadi mwisho, jambo ambalo si kawaida yake. Nimebaki na mawili. Je, akiacha masomo kwa muhula mmoja tu, akarudi hali ikitulia, kibali kitamngoja? Tena nimsaidie nini sasa hivi, maana nilikuwa nimepanga kumtumia unga kwa mtu anayesafiri.

Kutoka: Muuguzi, Lappeenranta

Shikamoo Mama. Niko mji huohuo na binti yako, na huenda tumepishana sokoni bila kujuana.

Kibali cha mwanafunzi kimefungwa na masomo yenyewe. Akiyaacha, msingi wa kibali unaondoka, na Idara ya Uhamiaji inaweza kukifuta. Kuomba kipya ni kuanza tena na ada, akiba ya benki na kungoja. Kwa hiyo asiondoke kienyeji. Akitaka kupumzika, kwanza azungumze na mshauri wa masomo chuoni, kisha aiulize Idara kwa maandishi, ndipo mfikirie tikiti. Akihama chumba, aarifu anwani mpya ndani ya wiki moja, kwa sababu barua na huduma zote hufuata anwani iliyosajiliwa.

Hapa tunaambiwa kila nyumba iweze kujitegemea kwa saa 72. Maji ya kunywa ni lita mbili kwa mtu kwa siku, na kando ya hayo awe na ndoo safi yenye kifuniko, tochi, redio ya betri, betri ya akiba ya kuchajia simu, na noti kidogo za euro, kwa maana hapa watu wamesahau pesa za mkononi. Vidonge vya iodini vya kujikinga na mionzi ya nyuklia, vinavyowafaa hasa walio na umri usiozidi miaka 40, vinauzwa katika maduka ya dawa, na havimezwi mpaka mamlaka itangaze. Ama unga, Mama, mtumie kwa mapenzi, lakini usiuhesabu katika akiba hii. Majiko yetu ni ya umeme, na umeme ukikatika huwezi kusonga ugali kwa maji baridi. Anunue mkate mkavu mweusi wa Kifini, samaki wa kopo, karanga na matunda makavu.

Apakue 112 Suomi, programu ya dharura, katika simu, aidha ajikaze na lugha. Matangazo rasmi ya hatari hutolewa kwa Kifini na Kiswidi, na anayejua Kiingereza peke yake atakuwa anamtazama jirani usoni ili aelewe.

Nyumbani mchagueni mtu mmoja wa kupokea habari zake. Jambo likitokea usiku na jamaa kumi na watano wakampigia kwa pamoja, simu itaisha moto kabla hajawajibu wawili. Amwandikie huyo mmoja ujumbe mfupi, naye awaeleze wengine.

Ikibidi kuondoka, njia ni kuelekea magharibi: treni hadi Helsinki, meli za kwenda Uswidi kutoka Helsinki au Turku, au barabara ya kaskazini kupitia Tornio, mji unaopakana na Uswidi. Upande wa mashariki umefungwa, na asimsikilize mtu yeyote anayemwambia kuna njia ya mkato. Ubalozi wa Kenya unaoshughulikia Ufini uko Stockholm; awaandikie sasa, awape jina lake, anwani na simu ya hapa pamoja na yako. Aangalie pia tarehe ya mwisho ya pasipoti yake, na kama imebaki chini ya mwaka mmoja, aanze kuomba mpya mwezi huu, kwa sababu kibali hakitolewi kupita muda wa pasipoti, na kupata mpya ukiwa huku huchukua muda.